Injini Iliyokaa Muyinga

Leonardi aliponiletea ile Starlet yake kwa mara ya kwanza, alivua kofia kabla hajaniambia tatizo. Wateja wangu wa Gitega hawavui kofia. Wanafika, wanapiga tairi teke, wanasema gari limekufa na wanalitaka hai kabla ya saa sita. Yeye alisimama pembeni, nje ya doa la oili, akasema, "Shikamoo, fundi. Samahani kwa usumbufu." Umri wetu ni mmoja, na shikamoo ile ilinizeesha papo hapo. Nikajua kwamba huyu kakulia Tanzania.

Mimi naitwa Husni. Nimezaliwa hapa hapa Gitega, baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli, nami nikapanda cheo nikawa fundi wa magari. Nina ulimi mkali, mke wangu Salima anaweza kukuthibitishia bila kuulizwa mara mbili. Lakini hata wasionipenda wananikubalia jambo moja: simdanganyi mtu kuhusu injini yake. Ikiwa imekufa nasema imekufa. Ikiwa ni plagi tu, nasema ni plagi, hata kama jirani yangu angemwambia mteja anunue kichwa kizima cha silinda. Nimepoteza kazi nyingi kwa tabia hiyo na nilikuwa najivunia kila moja niliyoipoteza.

Kwa hiyo Leonardi aliniamini. Alikuja kwangu miaka minane bila kwenda kwa mwingine, na katika miaka hiyo, nikiwa chini ya gari na yeye amechuchumaa akinishikia taa, nilimjua kidogo kidogo. Alizaliwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka wa sabini na nne. Mama yake, Jovina, alikuwa ametoka Itaba kwa miguu miaka miwili kabla yake, amebeba sufuria na hofu. Baba alifia huko huko Tanzania. Leonardi akalima tumbaku, akaoa Emerensiana, binti wa makazi yale yale, na mwaka 2008 wakarudi wote: yeye, mkewe, mama yake na dada yake Vumilia, juu ya lori, pamoja na mabati, vitanda na kuku. Mama alikaa juu ya magunia siku mbili. Kila shimo la barabara lilimrusha ubavu kwenye bodi. Aliposhushwa alisema hatapanda lori tena maishani mwake, na alipenda kulirudia neno hilo kila alipoona lori linapita.

Huko Itaba walikuta itongo lao, yaani pale palipokuwa nyumba ya wazee wao, lina watu. Watu wale walikuwa wameishi pale miaka thelathini na sita, wamezaa pale, wamezika pale. Hakukuwa na mwizi wala mwema katika jambo lile. Kulikuwa na shamba moja na familia mbili. Mama Jovina akasema hatalala kwenye baraza ya mtu mwingine huku akitazama itongo lake ng'ambo ya njia. Vumilia alikuwa amepata mume Muyinga, basi mama akamfuata huko, akasema ni kwa miezi michache mpaka mambo yatengenee. Ikawa miaka kumi na sita.

Leonardi hakutoka Itaba. Alikodi vipande vya shamba, akanunua Starlet iliyokwisha tumika nusu ya umri wake, akawa anapeleka watu na ndizi sokoni Gitega na kuwarudisha jioni. Mwaka 2023 shamba liligawanywa nusu kwa nusu, na yeye akakubali nusu bila kununa. Akafyatua matofali, akayachoma, akajenga. Chumba kimoja alikifungulia mlango upande wa lile itongo la zamani, kwa ajili ya mama. Mwishoni mwa 2024 nyumba ilikuwa tayari mpaka kitasa. Akanunua kitanda, akanunua na godoro, akaliacha na nailoni yake ili lisishike vumbi. Sasa likabaki jambo moja tu, kumleta mama.

Hapo ndipo ilipoanza hadithi ya injini.

Mama wa namna ile hachukuliwi kama gunia la maharage. Leonardi alinieleza, nami mtu wa mjini nikasikiliza. Lazima aende baba mdogo, ndiye msemaji. Aende Emerensiana, ndiye atakayempokea jikoni. Aende pia mzee mmoja wa ile familia waliyogawana nayo shamba, ili kilima kizima, ndiyo kusema kijiji chote, kione kwamba wao wenyewe wamemfuata na kumrudisha. Mzee yule alikuwa amekubali, na kukubali kwake kulimgharimu Leonardi mwaka mzima wa maneno ya upole. Wapeleke pombe ya ndizi kwa wakwe wa Vumilia, kuwashukuru kwa kumtunza mama. Kisha warudi wote, pamoja na mama na vitu vyake, watoke Muyinga, wapite Karuzi, washuke kwenye mto Ruvubu, wapande mpaka Gitega, halafu wapande kile kilima cha Itaba mchana, watu wakiwa barazani.

"We unaleta mama ao unahamisha kilima?" nilimwuliza.

"Nimemwahidi, fundi," alisema. "Atafika amekaa kwenye gari la mwanawe. Kiti cha mbele."

Tatizo ni kwamba mwezi wa Desemba gari lilimshinda. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwake, likiwa na abiria wanne, lilikohoa, likatetemeka, likakataa. Abiria wakashuka kulisukuma kwenye tope, watoto wakacheka. Mtu mmoja barazani akasema kwa sauti kwamba wamekaa Tanzania miaka yote ile na bado wanarudi kwa kusukumwa. Leonardi alilisikia neno hilo. Aliponisimulia alikuwa anatazama mikono yake.

"Siwezi kumleta mama yangu kwa kusukumwa," alisema.

Nilipima nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa sawa, mbili zilikuwa zimechoka. Ringi za pistoni zimekwisha, moshi wa bluu, oili inaliwa. Nikamwambia ukweli nilioujua: injini hii ni nzee, ibadilishwe. Nilisema kama ninavyosema siku zote, bila kuzunguka, na kwa raha kidogo, maana mtu anayejua kazi yake hufurahia kutoa hukumu.

Ng'ambo ya barabara kuna gereji ya Matata. Matata ni kijana kwangu kwa miaka kumi, mchapakazi, ana mdomo mtamu, na tangu afungue pale nimekuwa nikihesabu magari yangu yanayovuka barabara. Siku ile alivuka yeye mwenyewe, anajifuta mikono.

"Leonardi, kwa nini ubadilishe moteri mzima?" alisema. Sisi wa huku injini tunaiita moteri. "Mi niko na turbo pale, imetoka kwa gari ilianguka. Naifunga, siku ine tu. Utapanda Itaba na watu yako yote na pombe juu."

"Turbo hiyo utaifunga kwa moteri gani?" nikamwuliza. "Hii? Pistoni zake ziko zimekwisha. Utamupeleka mama ya mutu mpaka Karuzi, moteri inapasuka, atalala kando ya barabara."

"Husni, we uko na woga ya vitu vipya."

"Mi niko na woga ya kuzika moteri. Donc, basi, rudi kwako."

Leonardi alitutazama kwa zamu. Akaniomba nimweleze taratibu, nami nikamweleza. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, na kazi yake ni kuisukumia silinda hewa nyingi kuliko inavyoweza kuvuta. Injini nzima inapata nguvu. Injini iliyochoka inapasuliwa. Kinachotakiwa ni kuitoa hii ya cc elfu moja mia tatu na kuweka ya elfu moja mia tano, nzima, inayoingia pale pale kwenye mikono ile ile ya chuma inayoshika injini. Athumani wa Muyinga, mfanyabiashara niliyemjua siku nyingi, anazipitisha kutoka Tanzania kila mwezi.

"Wiki ngapi?" akauliza Leonardi.

"Tatu."

"Na Matata amesema siku nne."

"Matata anasema siku ine za kufunga. Hasemi siku ngapi za kudumu."

Nilikuwa sahihi. Nataka hilo lieleweke, maana mpaka leo nikilala nalirudia: kuhusu turbo nilikuwa sahihi kabisa, na fundi yeyote wa maana angesema nilivyosema. Lakini nitasema na la pili, kwa kuwa nimeanza kusema. Moyo wangu haukuweza kuvumilia Matata aliguse gari nililolitunza miaka minane. Hilo nalo lilikuwa ndani ya sauti yangu siku ile, na Leonardi hakuwa na njia ya kulitenganisha na ufundi.

Akavaa kofia yake.

"Nitasubiri injini," akasema. "Mama amesubiri miaka kumi na sita, wiki tatu atazimudu."

Nikamwambia aliache gari kwangu na asilitoe hata kidogo mpaka injini ifike. Akanipa ufunguo kwa mikono miwili, akaondoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha Itaba.

Jioni ile nilimsimulia Salima, nikitegemea anisifu kwa kumshinda Matata. Alikuwa anachambua mchele. Hakunitazama.

"Na kwa nini lazima waende wote?" alisema. "Yule mutoto si aende peke yake amuchukue mama yake? Mama mwenyewe iko na kilo ngapi? Arobaini?"

"Hiyo ni mambo ya watu ya kilima, Salima. Mi nitawafundisha vile wanachukua mama yao?"

"Bon, mi nimeuliza tu."

Akaendelea na mchele. Swali lile lilikuwa na akili kuliko yote tuliyoyasema gereji siku nzima, wanaume watatu. Nililiona, nikalipita. Nilijiambia kwamba mimi ni Mwislamu wa mjini, wao ni wakulima wa kanisani, na heshima ni kutoingia kwenye taratibu za watu. Ukweli ni kwamba sikutaka jibu ambalo halikuhitaji injini.

Ile injini haikuchelewa. Kabla ya wiki tatu kwisha Athumani alinipigia simu kwamba imefika Muyinga, nzima, imefungwa turubai, iko stooni kwake. Nilivuka barabara makusudi nikamwambia Matata. Kisha nikampigia Leonardi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alicheka kwa sauti. Alisema anakwenda kumwarifu baba mdogo aanze kutafuta pombe.

Halafu mafuta yakakosekana. Msomaji wa Burundi hana haja ya kuelezwa. Yalikuwa yanakosekana tangu muda mrefu, sote tulikuwa tunanunua petroli kwenye chupa, kwa mtu anayemjua mtu, na tunashukuru. Lakini mwezi ule dizeli nayo ilipotea, na lori la Athumani likasimama mbele ya stoo yake, na injini yetu ikabaki humo stooni. Kila siku nilipiga simu. Kila siku Athumani alisema kesho. Basi za Muyinga zikawa chache, watu wanalala stesheni, na hakuna aliyekubali kubeba chuma cha kilo mia mahali pa abiria wawili.

Siku ya kumi Leonardi alikuja gereji. Aliiuliza Starlet kwa macho, kisha akaniuliza mimi.

"Fundi, kama ningekwenda nalo hivi hivi?"

"Na ikikufia kwa njia, na mama ndani?"

"Kweli," akasema. "Kweli, fundi."

Akazunguka gari mara moja, akafuta vumbi kwenye kioo cha mbele kwa kiganja, upande wa abiria, akaenda zake.

Mama Jovina alifariki siku ya kumi na tisa tangu injini ifike Muyinga. Hakuugua kwa muda mrefu. Kikohozi cha wiki moja, asubuhi moja hakuamka. Vumilia alimpigia kaka yake, na Leonardi akanipigia mimi, sijui kwa nini mimi. Alisema, "Fundi, mama ametangulia," akakata simu. Siku hiyo yeye na baba mdogo walipanda pikipiki mbili mpaka Muyinga.

Athumani alipata dizeli kesho yake. Mwenyezi Mungu anajua alivyoipata. Naye ni mtu mwenye huruma, akasema lori lake litampeleka mama mpaka Itaba na hataki asante. Kwa hiyo Jovina, aliyesema hatapanda lori tena, alirudi nyumbani juu ya lori. Na kwa kuwa lori lilikuwa linakuja upande wetu, walipakia na injini. Iliwekwa mbele, nyuma ya kabini, na jeneza likawekwa nyuma yake, na Leonardi akakaa katikati.

Walipita kwangu kwanza. Emerensiana alikuwa amekwisha fika na wanawake watatu wa kanisani kwake kuupokea mwili, wamekaa kwenye benchi la gereji na vitenge vyao vya msiba. Lori lilisimama. Leonardi alinitazama kutoka juu. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Ishusheni hii kwanza, fundi," alisema. "Ni nzito, isije ikamsogelea mama kilimani."

Tulikuwa wanaume wanne. Matata alivuka barabara bila kuitwa, akashika upande wake. Tuliishusha, tukaiweka pale pale chini. Nilikuwa nimeingoja wiki tano na sikuweza kuitazama.

Vumilia alishuka kwenye kabini kunyoosha miguu. Sikuwa nimewahi kumwona. Ni mwembamba, mrefu, anafanana na kaka yake. Aliisogelea ile injini, akalishika turubai.

"Wewe ndiye fundi Husni?" aliniuliza.

"Ndiyo, dada. Pole sana."

"Mama alikwenda kuiona hii," alisema. "Kaka alipotuambia imefika, mama akataka aione. Nilimpeleka kwa Athumani, ni karibu na kwetu, tulitembea polepole. Athumani akamfunulia. Mama akaipapasa, akaniuliza, hiki ndicho tunachokingoja? Nikasema ndicho. Akaniuliza, sasa kama chenyewe kiko hapa, na mimi niko hapa, mbona lazima kiende kwanza Gitega ndipo kirudi kunichukua?"

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia ni mambo ya mafundi. Akakubali. Baada ya hapo kila alipopata nguvu alikuwa anakwenda kukaa pale stooni kidogo. Athumani alimwekea kiti."

Hakusema kwa kunilaumu, na ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Alirudi kupanda kabini.

Lori lilitangulia kwenda Itaba. Walibaki Emerensiana na wale wanawake watatu, ambao hawakuenea. Dereva alikuwa amenishushia dumu la petroli, safi, kutoka ng'ambo ya mpaka, kutoka kwa Athumani. Siku zile watu waliokuwa na uwezo walitoa petroli msibani kama zamani walivyotoa unga. Ilikuwa ya kuwafikisha wafiwa. Nikasema nitawapeleka na Starlet, hata nikiichosha, ikifa na ife, kesho naitoa injini ile.

Kwa kuwa sikutaka kuchanganya petroli nzuri na mbaya, nilifungua bomba chini ya tangi nikaimwaga ile ya zamani kwenye beseni. Fundi mwanagenzi hufanya hivyo siku ya kwanza, mwaka ule wa mafuta ya chupa. Mimi sikuwa nimefanya. Nilipima silinda, nikaona uzee, nikatosheka. Niliacha beseni litulie dakika chache, nikarudi kulitazama. Petroli ilikuwa juu, nyembamba. Chini yake yote yalikuwa maji, yale yanayoifanya injini ikohoe, itetemeke, ikatae.

Nilisimama pale na beseni mpaka Emerensiana akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hapana. Nikasafisha kichujio, nikamimina lile dumu, nikawasha.

Nilipanda nao Itaba, watu watano ndani, na vikapu vya msiba nyuma. Injini ilitoa moshi, ilipiga kelele, oili ilikuwa inaliwa kama siku zote. Nilikwenda kwa gia ya pili, na kwenye ile kona ya mwisho nikaweka ya kwanza, na nilikuwa namwomba Mungu inishinde. Sijawahi kuomba hivyo katika kazi yangu. Nilitaka izime, tushuke sote tukasukume kwenye tope, watu wacheke. Ilipanda. Polepole, bila kusita, ilipanda mpaka mlangoni. Kona ilipokwisha Emerensiana, aliyekuwa kiti cha mbele mikono mapajani, aligeuka kunitazama, nami nikamtazama. Wale wengine watatu walikuwa wanalia na hawakuwa na habari ya gia. Leonardi alikuwa ndani ya nyumba tayari na jeneza, hakutuona tukija.

Tulimzika mama kwenye itongo, mbele ya ule mlango aliofunguliwa. Yule mzee wa familia ya pili alishika sepetu.

Injini mpya niliifunga baada ya wiki mbili, kwa uangalifu ambao sijampa mteja yeyote. Inaingia vizuri, haitoi moshi, ukiisikiliza asubuhi utapenda. Nilimpelekea Leonardi gari mwenyewe mpaka Itaba. Kilima kile kilipandwa kwa gia ya tatu, mtu akiwa barazani angedhani ni tambarare. Leonardi alilizunguka, akafungua boneti, akasema, "Kazi nzuri, fundi." Kisha akanikaribisha ndani.

Tulikaa kwenye chumba cha mama, kwa kuwa sebuleni walikuwa wameanika maharage. Kitanda kilikuwa pale, godoro bado lina nailoni. Emerensiana akaleta birika la chai na vikombe vitatu. Leonardi alikuwa anatazama nje, kwenye udongo ulioanza kushuka.

"Fundi, nikuulize kitu," alisema. "Siku ile mimi nilikuwa mbele na lori. Ninyi mlikuja na hili gari, na ile injini ya zamani. Mlikuwa watu watano."

"Ndiyo."

"Lilipandaje pale kwenye kona?"

Nilijua anauliza nini, na yeye alijua kwamba mimi sidanganyi. Ndiyo maana aliniuliza mimi na hakuuliza mtu mwingine kilimani. Nilikuwa na jibu mdomoni, fupi, kama majibu yangu yote, na lile beseni lilikuwa mbele ya macho yangu. Sijui mpaka leo kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mwenyewe. Nadhani vyote viwili, na mimi zaidi.

"Ilikataa," nikasema. "Tuliisukuma."

Akageuka kumtazama mkewe. Emerensiana alikuwa amesimama na birika mkononi.

"Tulishuka wote," alisema Emerensiana. "Mimi na wale akina mama. Kiatu changu kilibaki kwenye tope, ikabidi nirudi kukichukua."

Leonardi aliitikia kwa kichwa polepole, mara mbili tatu. Mabega yake yakashuka. Alichukua kikombe chake, akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Basi tulifanya vizuri kusubiri," akasema. "Mama asingependa kusukumwa."

Emerensiana alinimiminia chai bila kunitazama. Nikasema ndiyo, tulifanya vizuri.